Kadi za Filamu Bubu: Namna ya Kuchagua Herufi za Enzi Yake

Ukitafuta fonti "za kizamani" mtandaoni utaletewa mamia: za mabango ya wachunga ng'ombe wa Texas, za lebo za pombe kali, za kasino, za mwandiko wenye mikia inayozunguka hadi mstari wa pili. Karibu zote hazifai kwa kadi za filamu bubu. Kadi hizo, yale maandishi yanayokatiza picha kutueleza mhusika kasema nini au muda gani umepita, zilikuwa na kazi moja tu: zisomwe na ukumbi mzima, kwa mara moja, kwenye picha inayotetemeka. Waliozitengeneza walikuwa wachapaji na mafundi wa kuandika kwa brashi, watu wa kazi, si watu wa madoido. Ndiyo maana kadi nyingi za kweli ni za kawaida kuliko tunavyozidhania.

Mwongozo huu ni wa anayetengeneza filamu fupi, video ya muziki au hata kile kipande cha kuchekesha cha kuonyeshwa ukumbini siku ya harusi, kwa mtindo wa filamu bubu na kwa Kiswahili. Hilo la Kiswahili lina mambo yake, na nimelipa nafasi kubwa kwa sababu miongozo ya lugha nyingine haitakwambia.

Hatua ya 1: Amua mwaka na nchi kabla ya kufungua orodha ya fonti

Enzi ya filamu bubu si kitu kimoja. Kuanzia maonyesho ya akina Lumière, wale ndugu wawili wa Ufaransa, mjini Paris mwezi Desemba 1895 hadi filamu za sauti zilipoteka soko mwishoni mwa miaka ya 1920, ni zaidi ya miaka 30, na kadi zilibadilika njiani.

Mwanzoni kabisa hazikuwepo. Zilipokuja, mwanzoni mwa miaka ya 1900, zilikuwa kama vichwa vya habari: maneno machache yanayotangulia tukio na kukueleza kitakachotokea kabla hakijatokea. Mazungumzo yalikuja baadaye. Miaka ya 1908 hadi 1915 kampuni zilianza kuweka alama zao kwenye kila kadi. Biograph ya Marekani iliweka herufi AB, Pathé ya Ufaransa ikaweka jogoo wake. Hayakuwa mapambo tu; wizi wa filamu ulikuwa umeshamiri, mtu ananakili mkanda wa mwenzake na kuuza, na alama kwenye kadi ilikuwa njia ya kusema huu ni wetu. Mwongozaji wa Marekani D. W. Griffith naye, kwenye filamu zake kubwa za 1915 na 1916, aliweka jina lake kwenye kadi zenyewe, kadi baada ya kadi.

Kuelekea 1920 zikaja kadi zenye michoro nyuma ya maandishi: mshumaa unaokwisha, utando wa buibui, meli baharini. Ujerumani ikaenda njia yake. Filamu ya *Das Cabinet des Dr. Caligari* ya 1920 ilitumia herufi zilizochongoka na kupinda sawa na kuta za mandhari yake. Urusi ya Kisovieti ikaenda njia nyingine tena: kwa mfululizo wa filamu za habari wa mwongozaji Dziga Vertov ulioanza 1922, msanii Aleksandr Rodchenko alitengeneza kadi zenye herufi nene, kavu, zinazopiga kelele.

Kwa hiyo andika sentensi moja kwenye karatasi: "Filamu yangu ni ya kampuni ndogo ya Marekani, mwaka 1916." Au: "Filamu yangu ingekuwa imetengenezwa Berlin, 1921." Sentensi hiyo itakukatia fonti tisa kati ya kila kumi.

Na kama hadithi yako iko Unguja, Tanga au Dar es Salaam ya miaka ya 1920? Hapo usiige Hollywood moja kwa moja. Tafuta namna Kiswahili kilivyochapwa wakati ule. Gazeti la *Mambo Leo* lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Kabla yake, enzi za Mjerumani, kulikuwa na *Kiongozi* la Tanga. Herufi za magazeti hayo ni zile za kawaida za vitabu, zenye serifu, yaani vile vikia vidogo kwenye ncha za kila herufi. Usisahau pia kwamba watu wengi wa pwani wakati ule walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kadi ya "Unguja, 1925" yenye mstari mmoja wa Kilatini na chini yake mstari mmoja wa Kiarabu itaaminika kuliko urembo wowote utakaoupakua. Kwa mstari huo wa pili kuna fonti ya bure iitwayo Amiri, iliyotokana na herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa maana nyingine, ni ya wakati uleule. Jaribu kwanza kama ina herufi zote za sauti za Kiswahili unazozihitaji, kama *p*, *ch* na *v*.

Hatua ya 2: Tazama kadi za kweli, na uzijue zisizo za kweli

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanafanya kazi ya kutazama lakini wanatazama kitu kisicho sahihi.

Filamu bubu zilikuwa zikibadilishwa kadi kila zilipovuka mpaka. Picha ya mtu anayelia haihitaji tafsiri, maandishi yanahitaji, kwa hiyo kadi zilikatwa na nyingine kubandikwa kwa lugha ya nchi husika. Mara nyingi nakala ya kusafirishwa ilikuwa na fremu chache tu za kila kadi, za kuonyesha mahali pake, kisha maabara ya huko iendako ikatengeneza kadi kamili. Matokeo yake filamu moja ya Denmark inaweza kuwa na kadi za Kiholanzi zenye herufi ambazo Copenhagen hawakuwahi kuziona. Jumba la filamu la Eye mjini Amsterdam lina mkusanyiko mkubwa wa msambazaji Jean Desmet, filamu za miaka ya kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nyingi zikiwa na kadi za Kiholanzi. Mkusanyiko huo uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011.

Kisha kuna kadi mpya kabisa. Nakala nyingi zilizoko YouTube zina kadi zilizotengenezwa upya na wauzaji wa kanda za video au na warekebishaji, kwa sababu za awali zilipotea au ziliharibika. Ukiiga hizo, unaiga kazi ya mtu wa 1985.

Namna ya kuzitambua: isimamishe video kwenye kadi, kisha songa mbele fremu moja moja. Kadi ya kweli haitulii. Maandishi yanacheza kidogo juu na chini, mikwaruzo inapita, kuna vumbi, na mwanga wa pembe moja haulingani na wa pembe nyingine. Sasa linganisha na tukio linalofuata. Kama tukio limejaa mikwaruzo na kadi ni safi na imetulia tuli, hiyo ni mpya. Angalia pia herufi inayojirudia. Chukua *a* tatu kwenye mstari mmoja na uzikuze. Zikiwa zinafanana lakini wino umetuna tofauti kidogo kwa kila moja, hizo ni herufi za madini ya risasi zilizochapwa. Zikitofautiana kimo na mkunjo, hiyo ni kazi ya mkono. Zikiwa ni zilezile kabisa hadi nukta ya mwisho, kompyuta imepita hapo.

Mahali pa kutafuta: Maktaba ya Bunge la Marekani na Internet Archive zina filamu nyingi za enzi hiyo zinazotazamwa bure. Hiyo Internet Archive ina pia vitabu vya sampuli vya American Type Founders, kampuni kubwa ya kutengeneza herufi za uchapaji Marekani, vya 1912 na 1923. Ukivifungua unaona kile ambacho mchapaji wa wakati ule angeweza kununua, kurasa kwa kurasa, pamoja na nakshi za kingo. Binafsi naona saa moja kwenye kitabu cha 1923 ina faida kuliko wiki nzima ya kupekua tovuti za fonti.

Hatua ya 3: Chagua herufi

Anza na swali la kuchapwa au kuandikwa kwa mkono. Zote mbili ni sahihi, lakini hazichaguliwi kwa namna moja.

Kama ni za kuchapwa, na filamu ni ya Marekani au Uingereza, kuna majina machache yatakayokutosha. Caslon, ya mchongaji William Caslon wa London wa karne ya 18, ilikuwa imerudi kupendwa sana na wachapaji wa mwanzoni mwa karne ya 20. Leo kuna Libre Caslon Text, ya bure. Goudy Old Style ilitolewa na American Type Founders mwaka 1915, kazi ya Frederic Goudy. Ni laini, ya mviringo, na inasomeka vizuri sana ikiwa nyeupe juu ya nyeusi. Huenda tayari unayo, maana huja na Microsoft Office. La sivyo pakua Sorts Mill Goudy. Ya tatu ni Goudy Bookletter 1911, inayofuata herufi za Kennerley za Goudy huyohuyo, kama jina linavyodokeza, za 1911. Hizi mbili za mwisho ni chaguo langu la kwanza kwa filamu yoyote ya kati ya 1912 na 1925 isiyo na sababu maalumu ya kuchagua nyingine.

Cheltenham ilikuwa kila mahali Marekani miaka hiyo, kwenye magazeti, matangazo na ratiba za treni. Asili yake ni michoro ya msanifu majengo Bertram Goodhue. Ukiipata yenye leseni nzuri, itumie kwa filamu ya kati ya 1905 na 1920.

Cooper Black, ile nene yenye pembe za duara, ni ya 1922, kutoka kwa Oswald Cooper wa Chicago. Inafaa kwa jina la filamu ya vichekesho ya baada ya mwaka huo. Usiitumie kwa mazungumzo. Mistari minne ya Cooper Black inageuka ukuta. Copperplate Gothic ya 1901 haina herufi ndogo za kweli, ina kubwa na kubwa-ndogo tu, kwa hiyo iache kwenye majina ya waigizaji.

Sasa zile za kuepuka. Broadway, na fonti ya bure ya Limelight inayofanana nayo, watu huzipachika kwenye kila kitu chenye neno "sinema". Broadway ni ya mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati filamu bubu inakata roho. Ukiiweka kwenye kisa cha 1914, mtu anayejua ataona hapohapo. Times New Roman inaonekana ya zamani lakini ilianza kutumika na gazeti la *The Times* mwaka 1932. Papyrus, ambayo baadhi ya watu huidhania ni ya mafarao, ni ya miaka ya 1980. Na zile fonti zilizochakazwa tayari, zenye matundu na mikwaruzo ndani ya herufi yenyewe, ziache kabisa: kila *a* itakuwa na tundu lilelile mahali palepale, na jicho la mtazamaji hukamata hilo hata kama hajui amekamata nini.

IM Fell ni suala la ladha. Inatokana na herufi za Oxford za karne ya 17, ina ukwaru wa wino halisi, na inafaa kwa kisa cha mizimu au cha kihistoria. Kwa vichekesho vya mtaani inakuwa nzito mno.

Kwa Ujerumani utashawishika kutumia Fraktur, zile herufi za Kigothi zilizovunjika-vunjika. Ni za kweli kwa nchi na wakati huo. Tatizo ni Kiswahili chetu: *k* ya Fraktur haifanani na *k* yoyote ambayo msomaji wa leo anaijua, na Kiswahili bila *k* hakiendi popote. Andika "akakumbuka" kwa Fraktur uone. Itumie kwa jina la filamu tu, kisha mazungumzo yaandikwe kwa herufi za mkono zilizochongoka kidogo.

Hilo linatuleta kwenye herufi za mkono. Kadi nyingi za miaka ya 1920 ziliandikwa na mafundi kwa brashi. Mwongozaji Alfred Hitchcock mwenyewe aliingia kwenye filamu kwa mlango huo, akibuni kadi kwenye studio ya Islington, London, mwanzoni mwa miaka hiyo. Zipo fonti zinazoiga mkono huo, kama Silentina ya kampuni ya fonti ya P22, ambayo ni ya kununua. Ukipata fonti ya aina hii, hakikisha ina maumbo mbadala ya herufi zinazojirudia, kisha yatumie kweli.

Lakini kuna njia bora, na kwetu ni rahisi kuliko Ulaya. Mtaani kwako yupo fundi wa kuandika mabango, yule anayeandika majina ya maduka ukutani na maneno nyuma ya magari. Mpelekee kadi mbili tatu ulizochapisha kama mfano, karatasi nyeupe ngumu na rangi nyeusi. Mwambie asipambe. Piga picha karatasi kwenye mwanga sawa pande zote, kisha kwenye programu geuza rangi: nyeusi iwe nyeupe, nyeupe iwe nyeusi. Kadi za kale nazo ziliweza kutengenezwa hivyohivyo, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, na mkanda negativu ukayageuza.

Hatua ya 4: Ijaribu fonti kwa Kiswahili, si kwa "Hello"

Tovuti za fonti huonyesha sampuli kwa Kiingereza. Usiamue kwa sampuli hiyo. Andika sentensi yako mwenyewe. Mimi hutumia hii:

*"Wazee wa Kwale waliung'ang'ania mkuki, wakakataa katakata."*

Haina maana kubwa, lakini inagusa vidonda vyote. Kwanza *Wa* mwanzoni. Kiswahili kimejaa maneno yanayoanza na *Wa* na *Ya*, na fonti nyingi za bure hazijarekebishwa nafasi baina ya herufi hizo: unaona *W*, kisha shimo, kisha *azee*. Ukiona shimo, ama uzisogeze kwa mkono kwenye kila kadi, ama uache fonti hiyo.

Pili ni *ng'*. Alama ile ya juu kwenye herufi za kuchapwa ilikuwa kama mkato mdogo uliopandishwa, wenye kichwa na mkia. Kibodi ya simu hukupa kijiti kilichosimama wima, na kijiti hicho kinapiga kelele "kompyuta" kuliko kosa lolote lingine kwenye kadi. Badilisha vyote. Na hakikisha fonti yako inayo ile ya mkato. Kama haina, programu itaazima kutoka fonti nyingine bila kukuambia, na utaona alama nyembamba ajabu katikati ya neno nene. Baada ya alama hiyo, sogeza herufi inayofuata karibu kidogo, la sivyo *ng'ombe* inasomeka kama maneno mawili.

Tatu ni *k* na *w* zenyewe. Fonti ya madoido mara nyingi humwaga madoido kwenye *k*: mguu mrefu unaoteleza chini ya herufi ya pili. Kwa Kiingereza mguu huo unatokea mara moja kwa sentensi. Kwa Kiswahili unatokea mara sita kwenye mstari, na kadi inaonekana kama ina vidole.

Nne, maneno yote kwa herufi kubwa. Hapa Kiswahili hakina huruma. "HATUKUMFAHAMISHA" ni neno moja, na halikatiki kwa urahisi. Kadi za mazungumzo andika kwa herufi za kawaida, kubwa mwanzoni tu. Ndivyo hata kadi nyingi za kale zilivyoandikwa. Herufi kubwa zibaki kwa jina la filamu na neno MWISHO.

Tarakimu zijaribu pia. Baadhi ya fonti za mtindo huu zina tarakimu zinazoshuka chini ya mstari na kupanda juu, na "1925" huonekana imelewa. Ni sahihi kihistoria na mimi huzipenda, ila zikichanganywa na herufi kubwa zinakuwa mbaya.

Hatua ya 5: Panga kadi

Tengeneza kadi kama picha, kwenye GIMP, Inkscape, Canva au chochote unachokimudu, kisha uingize picha hiyo kwenye programu ya kuhariri video. Maandishi ya ndani ya programu za simu hayakupi uhuru wa kusogeza herufi moja moja.

Umbo la filamu bubu lilikuwa uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kadi iwe pikseli 1440 kwa 1080. Ukiitandaza hadi upana wa runinga za leo, hakuna fonti itakayokuokoa. Acha nafasi tupu kama sehemu moja ya kumi kila upande. Herufi ziwe kubwa: kwa kadi ya kimo cha 1080, anza na ukubwa wa pikseli 70 hivi, na usizidishe mistari 6 au 7.

Kukata mistari ndiko kunakotofautisha fundi na mwanafunzi. Kata pale mtu anapovuta pumzi. Tuseme kadi yako inasema hivi:

*Jioni ile, Selemani akarudi kwenye*
*nyumba aliyokatazwa*
*kuikanyaga.*

Neno "kwenye" limeachwa likining'inia peke yake, na mstari wa kwanza umewazidi wenzake mno. Sasa:

*Jioni ile, Selemani akarudi*
*kwenye nyumba aliyokatazwa*
*kuikanyaga.*

Kila mstari una jambo lake, na "kuikanyaga" linaangukia mahali linapotakiwa kuangukia. Weka mistari katikati ya kadi. Usinyooshe pande zote mbili. Kwa maneno marefu kama yetu utapata mito meupe katikati ya mstari.

Mazungumzo yawe ndani ya alama za kunukuu, maelezo yasiwe nazo. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya mtazamaji kujua nani anaongea: mhusika au msimuliaji. Deshi na vituo vitatu vilipendwa sana, "Akangoja — akangoja — hata kukapambazuka", na unaweza kuvitumia kwa ukarimu kuliko unavyoandika siku hizi.

Ukingo: mstari mmoja mwembamba, au miwili, au nakshi ndogo pembeni. Buni nembo ya kampuni ya kubuni na uiweke chini ya kila kadi, ndogo, mahali palepale. Hiki ni kitu kidogo kinacholipa sana. Tumia fonti moja kwa kadi zote na nyingine moja, ikibidi, kwa jina la filamu. Tatu ni nyingi.

Hatua ya 6: Zeesha kadi, si herufi

Rangi kwanza. Usitumie nyeupe kamili juu ya nyeusi kamili. Chukua nyeupe iliyofifia kuelekea krimu, kama #E8E2D0, na nyeusi iliyopauka, kama #121110. Kama tukio lako umelipaka rangi ya kaharabu au buluu ya usiku, jinsi filamu nyingi za wakati ule zilivyotumbukizwa kwenye rangi, kadi nayo inaweza kuwa na rangi yake.

Kisha tia ukungu kidogo sana kwenye herufi, pikseli moja au moja na nusu, ili ncha zisiwe kali. Mwanga wa herufi ulimwagika kidogo kwenye mkanda, kwa hiyo mng'ao hafifu kuzunguka maandishi unafaa, mradi usionekane kama taa ya neoni. Baada ya hapo ndipo uweke chengachenga, mikwaruzo na mtetemo, na uviweke juu ya filamu nzima, kadi na matukio pamoja, kama tabaka moja. Ukizeesha kadi peke yake utapata kinyume cha lile kosa tuliloliona Hatua ya 2: kadi ya 1912 ndani ya filamu ya jana. Mtetemo uwe wa pikseli moja au mbili, usio na mdundo. Ukirudiarudia kwa mpangilio, mtazamaji atauhesabu.

Hatua ya 7: Muda kwenye skrini

Miongozo ya Kiingereza huhesabu maneno kwa sekunde. Usiifuate. "Hawakunisikiliza" ni neno moja kwetu na ni sentensi nzima kwao. Badala yake soma kadi kwa sauti, taratibu, mara mbili. Muda huo ndio wa kadi. Kadi ya neno moja nayo isipungue sekunde mbili. Mpe kadi mtu ambaye hajaiona, asome bila sauti, na akiinua macho ukiwa bado hujamaliza usomaji wako wa pili, uko salama.

Mkate mhusika anapoanza kufungua mdomo, weka kadi, kisha urudi akimalizia kusema. Ukirudi naye kafunga mdomo, watu hawajui maneno yalikuwa ya nani.

Leseni

Kabla ya kuchapisha video, fungua faili la leseni lililokuja na fonti. Zilizoko Google Fonts, zikiwemo Sorts Mill Goudy, Goudy Bookletter 1911, Libre Caslon Text, IM Fell na Amiri, zinaruhusu matumizi ya biashara bila malipo. Nyingi za tovuti za kupakua bure zimeandikwa "kwa matumizi binafsi tu", na video ya mteja aliyekulipa si matumizi binafsi. Fonti zilizokuja na kompyuta au Office kwa kawaida hukubaliwa kwenye picha na video, lakini usimtumie mteja faili la fonti lenyewe. Mpe kadi kama picha za PNG, na uweke nakala ya faili la leseni kwenye folda ya mradi.